Walidhani Ni Mahame

Ijumaa ya kwanza ya Shaabani mwaka huu tulimzika mama yangu, Msambweni. Baada ya hitima nilipita penye nyumba tuliyokaa zamani. Harufu ya popo, ile kali inayokwaruza koo, ikanirudisha nilipokuwa na miaka minane.

Ilikuwa safu ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Kiwanda kilipofungwa, majirani walihama mmoja mmoja na mabati yao, popo wakarithi. Baba hakuwa na pa kwenda, tukabaki. Kisha naye akafariki, mama akakaa eda ya kufiwa na mume. Haonwi na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, wala hazungumzi naye. Mgeni akija, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Siku moja mdomo wake ulikuwa uani unaoga, povu la sabuni limejaa machoni.

Nikasikia gari likisimama. Walikuwa vijana wawili wa bara, waliokuwa wakizunguka mashambani kupiga picha za majumba yaliyoachwa. Walianza mwisho wa safu, gofu baada ya gofu, mpaka mlangoni petu.

"Kuna mtu?" mmoja akaita.

Mama akapiga makofi, polepole, mara mbili. Kwetu mwanamke aliye peke yake hujibu hivyo, na kila mwanamume wa pwani angeelewa kwamba ndani mna mwenyewe, arudi nyuma.

"Umesikia?" mwenzake akauliza.

"Ni popo, bana. Hii ndiyo poa kushinda zote. Wacha nipige na ndani."

Nilitoka mbio nimejifunga leso, povu likinichuruzika. "Msiingie! Mama yumo edani!"

Mlango ulikwisha kusukumwa na mwanga wa kamera ulikwisha kumulika. Mama alikuwa amegeukia ukuta, amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Aki pole, mathee," kijana alisema, akirudi kinyumenyume. "Tulidhani hakuna mtu."

"Futa hiyo, bro. Futa sasa hivi!" mwenzake akamkaripia.

Akaifuta mbele yangu. Alipokuwa akitafuta, niliona picha ya safu nzima kutoka barabarani. Nikaitafuta nyumba yetu, nisiijue ni ipi. Uso uliniwaka kwa aibu.

Walipoondoka, mama aliniuliza, "Walisema nini waliposikia makofi?"

Nikamwambia.

Jioni Bi Mwanasha, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuja kumliwaza. "Hukukusudia, mwanangu. Eda yako haina ila. Wenye kuona haya ni wao." Mama aliitikia kwa kichwa tu, wala chakula hakukigusa. Nami nikaamini analilia eda yake.

Nilikuwa mtu mzima, nina nyumba yangu, nilipoelewa. Dhambi haikumsumbua, kwa kuwa alijua hana. Alikuwa amepiga makofi kusema yumo, yu hai, nyumba ina mwenyewe, na watu waliokuwa hatua moja kutoka kwake wakasikia popo. Aibu hiyo Bi Mwanasha hakuweza kumwondolea, na mama hakuitaja maisha yake yote.

Asubuhi baada ya wale vijana kuja, mama alitoa nguo zetu safi sandukuni, hata gauni langu la Idi, akazichovya majini na kuzikamua.

"Kaanike," aliniambia. "Si uani. Mbele, upande wa barabarani."