Nilimkatiza Mama Qabale kwenye salamu

Leo nimemuumiza mtu kwa kamusi. Sikumpiga nayo. Afadhali ningempiga.

Mnanijua. Tangu nigonge hamsini nimeshikwa na wazimu wa kamusi. Iko hapa dukani kwangu, mtaa wa Wabera, kando ya mizani. Mteja akisema "kile kitu," namtafutia neno lenyewe. Wanacheka, nami najiona mwalimu.

Asubuhi akaingia Mama Qabale, anayeniletea maziwa ya ngamia miaka yote hii.

"Habari ya nyumbani?" nikamuuliza.

"Nzuri."

"Watoto?"

"Nzuri."

"Na mifugo?"

"Nzuri tu."

Nikamkatiza. "Wewe mama, kila kitu nzuri! Hilo ni neno la uvivu. Hebu chagua neno la kweli."

Nikamfungulia kamusi, nikicheka.

Akaweka mtungi chini.

"Dada yangu wa Korbesa. Tulimzika jana."

Jamani.

Na nilijua! Nimeishi na Waborana maisha yangu yote. Salamu kwanza, zote, kwa amani. Habari mbaya hungoja salamu ziishe. Alikuwa anaelekea kuniambia, mimi nikamharakisha.

Yeye akaiangalia ile kamusi, akaniuliza polepole:

"Nimesema sawa?"

Nisuteni tu kwenye maoni hapo chini, nimestahili.

Jioni naenda kwake kumpa pole. Kamusi nimeifungia kwenye droo. Nitauliza habari, aseme nzuri. Nitauliza tena, aseme nzuri. Mpaka yeye mwenyewe aamue salamu zimeisha.