Majigambo ya Mzee Chenge na Bega la Sabina

Zamani mtumbwi ulishinda kabla haujagusa maji, kwa majigambo tu. Siku hizi watu wanashindana kimya kama wanaosindikiza maiti. Huko Pasiansi, kando ya ziwa, wimbo wa majigambo alibaki nao Mzee Chenge peke yake, na akianza hakomi. Nahodha husimama mbele ya wapinzani, kasia juu ya kichwa kwa mikono miwili, mpaka beti ziishe.

Nahodha alikuwa mjukuu wake, Sabina. Msimu ule kila wimbo ulipoisha, mkono wake wa kulia ulikuwa wa baridi, vidole vina ganzi. Mara mbili kasia lilimponyoka ziwani. Kamati ya mashindano ikasema likimponyoka tena atakaa nje.

"Wamekuroga," alisema Mzee Chenge, akamfunga dawa begani. Aliikaza mpaka ganzi ikaanza hata bila wimbo.

Sabina akaenda kwa Dorcas, mtaalamu wa viungo, akamweleza habari za wimbo na ganzi. Mzee akafuata, kulinda dawa yake. Dorcas aliifungua kwanza, akauinua mkono na kumgeuza Sabina shingo.

"Babu, shika hapa kwenye kifundo. Unasikia mapigo?"

"Yalikuwepo. Umeuua mkono."

Dorcas akaushusha. Mapigo yakarudi. Akamwambia Sabina ainue mikono yote miwili, afumbe na kufumbua ngumi. Hakumaliza dakika, ganzi ikamshika.

"Huo wimbo wenu una urefu gani?"

"Inategemea wapinzani wana aibu ngapi," alisema mzee.

Vipimo vya hospitali vikakubaliana na Dorcas: mishipa ilikuwa inabanwa kati ya mfupa wa mtulinga na ubavu wa kwanza. Tiba ilikuwa kupumzisha kasia, kisha mazoezi ya shingo na mabega, na mikono isikae juu. Ikishindikana, upasuaji wa kutoa ubavu.

"Ubavu alitoa Adamu," mzee alisema. "Sasa mnamdai Hawa?"

"Basi babu, imba beti mbili tu," Sabina alisihi.

"Beti mbili ni salamu."

Miezi ikapita, Sabina akifanya mazoezi kila asubuhi, ganzi ikamwacha. Siku ya mashindano alisimama kasia likiwa chini, akamwangalia babu yake. Mzee aliimba beti mbili, akavuta pumzi.

Kipenga kikalia. Mara ya mwisho mzee alipowaona wapiga makasia wake walikuwa mbali, Sabina mbele, mgongo umenyooka, kasia likiingia na kutoka, na yeye amesimama majini hadi magotini, yuko ubeti wa sita, akiwaimbia wapinzani ambao nao walikuwa wameshaondoka.