Winchi, Mimi na Baba Mkwe

Winchi ile ilipoletwa yadi ya reli ya Voi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, watu walikuja kuitazama hata kutoka Mbololo. Ilikuwa na miguu minne mirefu ya chuma yenye magurudumu ya mpira, ikipita juu ya behewa na kunyanyua kontena kama mtu anyanyuavyo sufuria jikoni. Dereva alikaa kibandani, juu kabisa. Dereva huyo nilikuwa mimi, na yadi nzima ilinuna.

Nilikuwa kwenye majaribio, na msimamizi alimwambia kila mtu kwamba mwanamke atashuka mwenyewe. Lakini winchi haikunisumbua. Aliyenisumbua ni mtoa ishara, yule anayesimama chini akimwongoza dereva kwa mikono, maana alikuwa baba mkwe wangu. Kwetu Wadawida, mzee na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Nyumbani akiingia kwa mlango huu, mimi natokea ule. Sasa ainue uso anitazame, tena nimekaa juu ya kichwa chake?

Akapata dawa yake: alinipa mgongo. Alisimama ameelekea upande wa mji wa Maungu, akipunga mikono hewani, kontena ikining'inia nyuma yake asikoona. Makuli walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Kontena ilikuwa imekwenda upande, ingegonga ukingo wa behewa, na mikono ya mzee bado inasema shusha. Nikaisimamisha palepale.

"Shuka!" msimamizi akafoka. "Nitapandisha mwanamume."

Nilikasirika. Kazi hii niliisomea Mombasa kama wao, sikupewa kwa huruma. Nikatoa kichwa dirishani.

"Baba, niwie radhi. Sishushi kitu kwa mkono usioona. Nitazame, ama tulale hapa hapa."

Makuli wakanikodolea macho kana kwamba nimemvua mzee shati hadharani. Nilijua nitasemwa mpaka kanisani. Wacha waseme, midomo ni yao. Msimamizi alikwisha kukanyaga ngazi, anakuja kunitoa.

Mzee akageuka taratibu. Akavua kofia, akainua uso, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Kisha akamgeukia msimamizi.

"Toa mguu hapo," akasema. "Kitakachoshuka ni kontena. Mke wa mwanangu hashuki."