Mfano wa Msibani

Sekondari ya kijijini kwetu haikuwa na mwalimu wa Kiingereza mwaka jana, ndipo nikaombwa mimi, mzee niliyeishia kidato cha nne, nishike darasa la tamthilia. Kufundisha kinaya kulinishinda. Nilieleza kwamba mhusika husema jambo huku mtazamaji akijua ukweli ni kinyume chake. Wanafunzi wakanitazama tu, nami nikazidi kupandisha sauti.

Hatimaye binti mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ni kama yule mtani wetu, wa kabila lenye ruhusa ya kututania hata msibani, alipokuja kumzika babu. Aliingia kaburini akalala, akasema, 'Tokeni, hapa pangu. Huyo mvivu wenu anakimbia kulima mihogo tu.' Watu wakacheka, na yeye mwenyewe machozi yanamtoka."

Darasa likachangamka. Nikamkatiza.

"Sema kwa Kiingereza. Tena hayo hayamo kitabuni."

Akashusha mkono, akafungua kitabu.

Nilikuwa njiani kurudi nyumbani nilipotambua kwamba ni yeye aliyelifundisha somo langu. Kesho yake nikamwomba asimulie tena, kwa Kiswahili, wenzake wasikie.

"Nimesahau, mwalimu," akajibu kwa adabu.

Nilimsihi. Wenzake wakainamisha vichwa. Hakukubali, na sikuwa na haki ya kumlaumu.