Chumba Kisicho na Mlango

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Kata Mbili alisimama katikati ya chumba chake akanyoosha mikono kulia na kushoto, kama mtu anayepimwa koti. Vidole visipogusa ukuta, alicheka peke yake.

"Bado tunaheshimiana," aliuambia ukuta.

Jina hilo alipewa na mji. Alikuwa seremala, na riziki yake ilitoka katika kugawa vyumba vya watu kwa mbao. Mji wenyewe mdogo, bahari huku, kilima kule. Watu wanazidi kuja, nyumba ni zilezile. Kata Mbili akiingia chumbani asubuhi, jioni chumba kimezaa pacha.

Mkewe alikuwa bado kwa wazazi wake, mashambani. Walishapatana: mke atakuja pale mume atakapopata chumba cha kunyoosha mikono. Sasa kimepatikana, na mke anafika Jumamosi.

Alhamisi mama mwenye nyumba akabisha hodi.

"Mwanangu, mji unalia nyumba. Kuna nesi mgeni, analala kwenye benchi la zahanati. Tumsitiri."

"Tumsitiri wapi, mama?"

"Humu."

"Humu mwangu?"

"Ehee! Mkuki kwa nguruwe! Vya wenzako umekata bila kupepesa. Haya, usipotaka namwita fundi mwingine, yule asiyejua hata kushika randa."

Hapo alimgusa penyewe. Randa mbovu ndani ya chumba chake? Kata Mbili akabeba mbao mwenyewe.

Sasa, seremala hupigilia akiwa upande wenye mwanga. Kwenye nyumba za watu, mwashi hutangulia kutoboa mlango wa pili. Siku hiyo mwashi hakuitwa, na fundi akili yote ilikuwa kwa mkewe. Akasimama upande wa dirisha, ta, ta, ta, mpaka msumari wa mwisho. Kazi safi, hata sisimizi hapiti. Akageuka aende kunywa maji.

Mlango haupo. Uko upande wa pili, na upande wa pili nesi ameshatandika godoro.

"Dada, nitoboe kidogo hapa niwe napita?"

"Upite wapi? Mimi ni nesi, kaka, si korido."

Mama mwenye nyumba akazunguka uani, akachungulia dirishani. "Una bahati wewe! Wenzako wanalilia dirisha, wewe umepata lote."

"Na mke wangu je?"

"Si kijana? Atapanda."

Kata Mbili akanyoosha mikono. Kiwiko kikagonga mbao. Akampigia mkewe simu.

"Unanyoosha?" mke akauliza.

"Mmoja."

"Na wa pili?"

"Uko kwa nesi."

Mke alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema taratibu, "Huku kwetu kiwanja kipo. Ni wewe tu na aibu zako za kukaa ukweni."

Fundi akatazama mbao, akatazama dirisha. "Usije," akasema. "Nakuja mimi."

Akatupa nje begi lenye msumeno na randa, kisha akafuata mwenyewe, miguu kwanza.

"Ukirudi ufute miguu!" mama mwenye nyumba alipiga kelele. "Usinichafulie dirisha!"

"Halitachafuka, mama."

Akashika njia ya stendi, mkono mmoja na begi, wa pili ameunyoosha wazi barabarani, watu wanampisha. Na kweli dirisha halikuchafuka. Hakurudi.