Mama Yako Tulishamzika

Ukitaka kujua nani kafiwa na nani kapandishwa cheo kati ya wanawake waliomaliza pamoja ile sekondari ya bweni kule Cape Coast, usihangaike na mtu mwingine, muulize Baaba Quansah wa Saltpond. Ndiye katibu wa darasa lao, na ukatibu wenyewe hakuuomba. Walimpachika kwenye mkutano ambao hakwenda kwa kuwa alikuwa anauguza mtoto, wakamwambia ni kwa mwaka mmoja tu. Mwaka huo bado haujaisha, na mtoto mwenyewe siku hizi ana mke.

Kazi yake ya mshahara ni kufundisha chekechea. Asubuhi nzima anafuta makamasi ya watoto wa watu na kuwaimbisha namba, na mchana, hata viatu hajavua, anaikuta simu imejaa. Baba yake fulani kafariki Kumasi. Mtoto wa fulani kapata shahada ya pili Kanada, picha hii hapa, yuko ndani ya joho. Mume wa fulani kapigwa na kiharusi. Fulani kateuliwa kwenye bodi ya benki. Yote hayo ni yeye wa kuyaandika yakasomeka, kuyawekea picha ya mshumaa au ya mikono inayopiga makofi, kisha kuyatupia kwenye grupu. Halafu akae macho, maana hao wenzake, mawakili na madaktari wa kutegemewa, hawasomi, wanabonyeza tu. Tangazo la msiba likifuatana na la kupanda cheo, mfiwa ataambiwa hongera dada, umestahili, na aliyepanda cheo ataombewa kwa Mungu ampe nguvu katika kipindi hiki kigumu. Baaba anabaki kuwapitia mmoja mmoja na kuwasahihisha. Watoto wa chekechea wana nafuu, wao wakikosea huona haya.

Na mazishini ni yeye. Kule kwao mtu hazikwi kimyakimya. Wenzako wa shule wasipokuja na sare yao, wakaitwa kwenye kipaza sauti, wakapita kwa mstari kuwapa mikono wafiwa, watu watarudi makwao wakiulizana wewe uliishi vipi na binadamu wenzako. Baaba kaenda Tema, kaenda Sunyani, kaenda hadi Tamale na mgongo unamuuma, amejifunga kitenge cheusi na cheupe chenye nembo ya shule. Kazika baba za watu ambao hata hawakumkumbuka jina.

Aliyemlea ni Maame Atta, dada mkubwa wa mama yake. Mama aliyemzaa, Mansa, alikwenda Abidjan kutafuta maisha wakati Baaba ndio kwanza anaachishwa ziwa, akakaa hukohuko mpaka ugonjwa wa uzeeni ulipomrudisha nyumbani, na hakudumu. Darasa lilikuja kwenye mazishi yake, basi zima limejaa, ikawa shughuli hasa. Baaba alishukuru sana, lakini tusidanganyane, alikuwa anamlilia mgeni, na machozi yenyewe aliyavuta kwa nguvu. Aliyeguswa ni Maame Atta, aliyekaa kiti cha pili. Aliutazama ule mstari wa wanawake wa sare moja ukipita, akamsogelea Baaba sikioni.

"Wenzako wana heshima hawa. Na mimi siku yangu watakuja hivi?"

"Watakuja, Mama."

"Na sare?"

"Na sare."

Mwaka huu Maame Atta akafariki, usingizini, ameshiba miaka yake. Baaba akaliandika tangazo kwa mkono wake mwenyewe, akaweka mshumaa, na picha ya mama akiwa amevaa kilemba chake cha zambarau. Pole zikamiminika. Mmoja akamwambia hongera, na safari hii Baaba hakuwa na nguvu ya kumsahihisha mtu. Kesho yake akapigiwa simu na mwenyekiti wa darasa, Philomena Arkorful, wakili wa Accra, ambaye shuleni walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Philomena juu, Baaba chini.

"Baaba mpenzi, pole sana."

"Asante, Philo."

"Huyu si ndiye Maame Atta yule wa shito, ile pilipili nyeusi?"

"Ndiye huyohuyo."

"Jamani. Apumzike salama. Vya yule mama tumevila sana." Baaba, kwa jinsi anavyomjua, akajua hapo inakuja sheria. "Ila mwenzangu, katiba ya darasa unaijua kunishinda. Mama mmoja, baba mmoja. Na mama yako tulishamzika."

"Mlimzika Mansa."

"Si ndiye mama yako?"

"Philo, wewe dada yake mama yako unamwitaje?"

"Namwita mama, kwani nimwiteje? Lakini hayo ni ya nyumbani, Baaba. Tukifuata ya nyumbani kila mtu hapa ana mama sita, tutaacha kazi tushinde makaburini. Unakumbuka Vida alivyotufanya."

Alikumbuka. Vida aliwazikisha mama baada ya mama, kila mmoja ni mama yangu huyu jamani, mpaka watu wakachoka wakapitisha kifungu kile. Siku kinajadiliwa, Baaba alikuwa jikoni anapakua wali wa mkutano. Alichokisikia ni makofi.

"Yeyote anayetaka kuja kwa nafsi yake aje," Philomena akaendelea. "Simkatazi mtu. Bila sare tu, na bila kutajwa jina la darasa. Halafu kuna jingine. Jumamosi hiyohiyo ya mazishi Justina ana ibada ya shukrani huku Accra. Uprofesa umetoka. Darasa zima tunakwenda na sare ya bluu. Ungetuandikia tangazo, maana wewe ndiye unayejua kupanga maneno. Leo leo, ukiweza."

"Sawa," Baaba akasema.

Sawa. Mtu anaambiwa mama yake si mama yake, anaambiwa tena aandike tangazo la sherehe itakayowachukua waombolezaji wake, anasema sawa. Alipokata simu alijitukana kwa lugha zote anazozijua. Kisha akakaa akaliandika, na liliandikika vizuri, hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Alitaja mpaka ile zawadi ya hesabu Justina aliyoipata kidato cha tatu.

Jioni uvumilivu ukamwisha, akaandika la kwake kwenye grupu. Hakuweka mshumaa. Aliandika: "Ndugu zangu, mama ninayemzika ndiye aliyekuwa anakuja Jumapili za kutembelewa na sufuria la shito kichwani, na samaki wa kukausha, na mkate. Kila mmoja wenu alikula. Kuna mliokula kuliko mimi. Naomba mje mniitikie, na sare."

Majibu yalikuja haraka ajabu. Ile shito, mmoja akaandika, pilipili yake nyeusi ile mpaka leo sijaiona tena. Mwingine akaweka vikatuni vya kucheka na kulia machozi, akasimulia jinsi walivyoificha chini ya godoro matroni asiinuse. Wa tatu akauliza kama kuna aliyerithi upishi, na kama anauza. Vida, yule wa mama wengi, akaandika kwamba kwake yeye walikuja, na kwamba sheria ni msumeno. Daktari mmoja wa Takoradi akashauri Baaba apunguze chumvi, maana mfiwa presha humpanda. Hakuna hata mmoja aliyesema anakuja. Kisha mtu akabandika picha ya Justina na joho jekundu, makofi yakaanza, makofi juu ya makofi, ujumbe wa Baaba ukasukumwa juu huko mpaka usionekane.

Aliyemtafuta pembeni ni mmoja tu, Dede Lamptey, muuguzi wa London, kwa ujumbe wa sauti. "Ningekuwa huko ningekuja bila kuulizwa, unanijua. Hawa wamekuwa wakubwa sana. Lia vizuri, shoga yangu." Baaba aliusikiliza huku anakosha vyombo. London si karibu.

Ikabaki kumwambia Mjomba Kobina Arhin, mkuu wa ukoo, na hapo pia palikuwa na kazi. Mzee huyu alistaafu reli, na tangu astaafu hana treni nyingine ya kupangia ratiba isipokuwa misiba. Baaba alimkuta keshachora uwanja wote kwenye karatasi, turubai hili la kanisa, hili la wauza samaki.

"Wenzako nimewaweka mbele kabisa upande wa wageni," akasema. "Viti ishirini. Ile mara ya Mansa walipendeza mno, watu wa Mankessim wanawasema mpaka leo."

"Mjomba, huenda wasije."

"Wasije vipi? Wewe si umewazikia kijiji kizima?"

"Wanasema mama yangu walishamzika."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Aliyesema hivyo ni Mfante mwenzetu?"

"Mfante."

"Kazaliwa kwa mama asiye na dada?"

"Ana mama wakubwa wawili, Mjomba, na wote anawaita mama. Viti vitoe, tafadhali. Nisiaibike."

"Sivitoi. Mimi nimeshawatangaza. Picha zikiwekwa mtandaoni wakaviona vitupu, wataona haya wenyewe."

Baaba alitaka kumwambia kwamba anayewafahamu ni yeye, na kwamba haya si kitu wanachokiona.

Jumamosi Saltpond ikajaa. Maame Atta alikuwa amewauzia samaki watu wa vizazi vitatu, na wote walikuja. Baaba alikaa mstari wa mbele wa wafiwa akiwa ndani ya sare ya darasa. Dada zake wa ukoo walimtazama kwa jicho baya, mmoja akamwambia waziwazi, "Mfiwa unavaaje sare ya wageni? Nguo ya ukoo umeiona ina kasoro gani?" Baaba akamjibu kwamba kuna ahadi aliyompa mtu. Aliwaacha waelewe wanavyojua.

Mshereheshaji akaanza kuita. Akina mama wa kanisa wakapita, wakatoa mikono. Wauza samaki wakapita wakilia kwa sauti. Walimu wa chekechea wakapita wote, na mkuu wao mbele, na hapo Baaba moyo ukamlainika kidogo. Kisha kipaza sauti kikasema, "Sasa tunawaomba wale waliosoma sekondari na binti wa marehemu. Karibuni mpite."

Viti ishirini vya plastiki, vyeupe, havina mtu. Watu wakageuza shingo. "Wa sekondari," mshereheshaji akarudia, "msione aibu, piteni." Nyuma huko mtu akacheka. Simu ya Baaba ikatikisika mapajani, akaitazama kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna. Ni picha kutoka Accra, wamejipanga ngazi za kanisa na bluu yao, Justina katikati, na chini yake Philomena ameandika: "Katibu uko wapi? Picha haijakamilika bila wewe."

Akaiweka simu kwenye mkoba, mkoba akauacha kwenye kiti, akasimama.

Alivuka uwanja mpaka kwenye vile viti vya wageni, akazunguka mbele yake, kisha akaanza kurudi kwa wafiwa kama wapitavyo wageni, kuanzia kulia. Alimpa mkono Mjomba Kobina. Akawapa wazee waliofuata. Akafika kwa dada zake, mmoja hakujua aucheke au aushike ule mkono, akaushika. Akafika kwenye kiti chenye mkoba wake, akasita hapo, akapita. Akawapa mikono wanawe. Kisha akarudi akakaa peke yake katikati ya viti vile ishirini, mikono ameipakata.

Sasa, mgeni akishatoa mikono akakaa, lazima aulizwe kilichomleta, hata kama kila mtu anakijua. Kazi hiyo ni ya msemaji wa ukoo. Lakini msemaji alikuwa amekodoa macho tu, hajui la kufanya, na Mjomba Kobina akamnyang'anya kipaza sauti akainuka mwenyewe. Wengi walidhani atamkaripia. Na kweli uso ulikuwa umemwiva.

"Karibuni," akasema. "Huku kwetu mnatuona, tumepatwa. Nyinyi wenzetu mmetoka wapi, na mmekuja na lipi?"

Baaba akasimama. "Tumetoka sekondari," akasema. "Tumekuja kumzika mama."

"Mama wa nani?"

Hilo halimo katika yale yanayoulizwa. Mzee aliliongeza tu, na alipoliuliza alimkazia macho na kumsogezea kipaza sauti mpaka mdomoni. Baaba alifungua kinywa aseme "wetu", kama alivyosema misiba yote aliyokwenda kwa niaba ya darasa, Tema na Sunyani na Tamale. Halikutoka.

"Wangu," akasema. "Wangu mimi. Huyu ndiye."