Mume Wangu Hakuzikwa Kipofu

Mtu akikwambia nilikuwa naota, mwambie aje hapa Mayoni aniulize mwenyewe. Nilikuwa macho kabisa, nimetoka kukamua ng'ombe, ndoo mkononi.

Mume wangu, Makokha, alikuwa mkata miwa. Mwenzake mmoja alichomwa jichoni na jani la muwa, jicho likaota kovu jeupe, likaacha kuona. Hapo ndipo Makokha aliponiambia, "Nikifa, wape konea zangu." Konea ni kile kioo laini kilicho mbele ya jicho. Daktari anaweza kukitoa kwa marehemu akamshonea mtu ambaye chake kimeharibika. Makokha alipofariki ghafla hospitalini, waliniuliza, nami nikakubali.

Mama mkwe alinijia juu mbele ya waombolezaji. "Umemzika mwanangu kipofu. Atarudi akipapasa, anatafuta macho yake." Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu. Nami, niamini, nilianza kuogopa. Upepo ukitikisa mlango, nadhani ni mkono wa Makokha.

Basi asubuhi moja, ukungu bado umelalia miwa, nikamwona. Alikuwa anakuja kupitia shamba lililokatwa, palipojaa visiki vyenye ncha kali. Kipofu angepita hapo? Yeye alivikwepa kimoja kimoja, bila fimbo, bila haraka.

Alisimama mbele yangu, akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. Macho yake yalikuwa maangavu.

"Mama Nekesa," alisema, "umeruka kifungo."

Nikainama kutazama blauzi yangu. Kweli, nilikuwa nimeifunga upande. Nilipoinua kichwa, hapakuwa na mtu, na umande pale aliposimama haukuwa umeguswa.

Nilienda moja kwa moja kwa mama mkwe. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Alisema kifungo?"

"Kifungo, mama."

Akaketi chini. "Huyo alikuwanga hivyo tangu mdogo. Hata mimi alinirekebishanga nguo nikienda kanisani." Alilia sana. Jioni alikuja kwangu, tukala obusuma, ugali wetu, pamoja.

Sikuambiwa konea zake walipewa kina nani, ila najua wawili wanaona. Nikienda Kakamega mjini natembea kifua mbele, na mtu akinikazia macho sokoni, mimi humsalimu kwanza. Mama mkwe naye ameshawaambia wanawe kwamba konea zake pia zitolewe.

Na wewe, wakikuuliza siku moja kando ya kitanda cha mtu wako, usikatae kwa kuhofia kwamba atatangatanga gizani. Mimi nimekutana naye. Anaona kunishinda.